Pengo Kati ya Paketi Mbili

Wakati tunajiandaa kuhama Louisville, jimbo la Kentucky, nilikuwa nimeanza kuona mianga mchana kweupe. Ilikuja upande wa kushoto, mstari uliopindapinda kama meno ya msumeno, ukitetemeka na kupanuka taratibu mpaka nikawa sioni nusu ya uso wa mtu niliyekuwa nikizungumza naye. Baadaye mianga ilipotea na kichwa kikaanza kuuma, upande mmoja, pamoja na kichefuchefu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala, upande wa kufunga mizigo, nikadhani ni zile taa za juu. Wenzangu nao walizilalamikia. Nilimeza dawa ya maumivu, nikanywa maji, nikaendelea kubandika lebo kwenye maboksi.

Haikunijia akilini kwamba mianga ile inaweza kuwa na uhusiano wowote na vidonge vya kupanga uzazi. Nilivianza baada ya mtoto wetu wa pili. Nilimzaa palepale Louisville, kwa shida, nikatokwa na damu nyingi, na daktari akaniambia nisibebe mimba nyingine mpaka mwili urudi. Mume wangu alikuwa amesimama pale pembeni ya kitanda akiwa na mtoto mikononi, akaitikia kwa kichwa. Basi kila asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nilimeza kimoja. Sikufikiria sana. Ukianza paketi unaendelea nayo mpaka vile vya mwisho vya rangi tofauti, visivyo na dawa, hedhi inakuja, unafungua paketi nyingine.

Tulikuwa tunakaa karibu na bustani ya Iroquois, kwenye fleti ambazo ngazi zake zilikuwa na harufu ya vyakula vya watu wa kila pembe ya dunia. Nilipapenda. Lakini mume wangu hakutulia. Kiwanda chake kilikuwa kinapunguza watu, na dada yake mkubwa aliyekuwa Columbus, jimbo la Ohio, alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada: huku kazi ziko, nyumba yangu ina chumba, munangoja nini? Tukafunga mizigo. Nilihama na paketi moja ya vidonge kwenye mkoba, ikiwa imebaki karibu nusu.

Columbus tulilala chumba kimoja, sisi wanne. Wifi yangu alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alitupikia, alitutafutia kazi, alitupeleka kanisani kwake na kutusimamisha mbele tusalimie. Siku chache baada ya kufika, mianga ilinishika nikiwa jikoni kwake nakata kabichi. Niliweka kisu chini na kuishika meza. Wifi alinitazama.

"Uko na mimba?"

"Hapana, yaya. Ni kichwa," nilimjibu; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Kichwa cha namna gani kinapofusha mtu? Kesho unaenda kliniki."

Huko kliniki walinipa mkalimani wa simu. Simu iliwekwa juu ya meza, sauti ikafunguliwa, na aliyejibu alikuwa mwanamume. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka, kama cha redio, na nilidhani ni Mtanzania. Aliniita dada. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Kumweleza mwanamume nisiyemjua habari za hedhi yangu, tena kwa sauti ya juu ili simu isikie, lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha. Lakini yeye aliyarudia maneno yangu kwa Kiingereza bila kusita, kama mtu anayesoma bei ya sukari, na baada ya muda nami nikazoea.

Muuguzi alikuwa anaandika kwenye kompyuta huku akiuliza. Niliposema mianga, aliacha kuandika.

"Anauliza, dada, hiyo mianga inakuja kabla ya kichwa kuuma, au inakuja pamoja na maumivu?"

"Kabla. Nikiiona najua kichwa kinakuja."

Muuguzi alikisogeza kiti chake karibu. Alizungumza akinitazama mimi, si simu. Mkalimani akafuata: "Anasema hicho ni kipandauso, na mianga hiyo ina maana. Vidonge unavyotumia vina homoni mbili. Moja kati ya hizo, kwa mtu anayeona mianga kama wewe, inaongeza hatari ya kiharusi. Anasema uache vidonge hivyo leo. Atakuandikia vingine, vyenye homoni moja tu. Uanze kesho. Usisubiri hedhi, na usiruke siku yoyote katikati."

"Nikiruka?"

"Anasema kinga inakatika. Na vidonge hivi vipya vinataka saa ile ile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa tatu, inahesabika kama umekosa, na utalazimika kutumia kondomu kwa siku mbili."

Niliondoka pale nikiwa na neno kiharusi kichwani. Shangazi yangu mmoja kule kwetu milimani, kabla hatujawa wakimbizi, alipata kiharusi akiwa bado kijana, akaishi miaka mingi akilishwa. Nilitembea hadi famasi haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Famasi hawakunipa kitu. Bima yangu ilikuwa bado ya Kentucky. Ya Ohio tulikuwa tumeiomba, lakini haikuwa imeonekana kwenye mashine yao. Kijana wa dirishani alisema nijaribu wiki ijayo. Nilimwambia kwamba nimeambiwa nianze kesho. Akasema anaelewa, na akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nilirudi nyumbani bila vidonge vya zamani, ambavyo nilikuwa nimekatazwa, na bila vipya. Sijui kama wanaume wanaweza kuelewa hali ile. Mwili wako ni ule ule, umekaa mezani unamlisha mtoto uji, lakini unahisi kama mlango wa nyumba umeachwa wazi na wewe huwezi kuufunga. Nilisafisha jiko la wifi yangu mara mbili siku ile. Nilikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Wifi aliniona. Kesho yake, alipojua kilichonisumbua, aliingia chumbani kwake na kutoka na paketi mkononi.

"Chukua. Mi niko na zingine."

"Yaya, muuguzi amesema aina zingine ni hatari kwangu."

"Vidonge ni vidonge. Wote tunameza, na tuko wazima. Bon, basi, usipotaka, ukipata mimba usije kulia hapa."

Hakusema kwa ubaya. Katika familia yetu, dawa ni kitu cha kugawana, kama chumvi. Wifi alikuwa amewapa vidonge vyake wanawake wawili wa kwaya na hakuna kilichowapata. Niliipokea paketi kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mkubwa, nikaingia bafuni na kufunga mlango.

Vilikuwa na rangi tofauti kabisa na vile vyangu vya zamani. Rangi ile ilinidanganya kidogo, nikaona huenda hivi havina hatari. Nilikisukuma kimoja kikatoka, nikakishika kiganjani. Nilifikiria: siku chache tu, mpaka bima iingie. Nilifikiria pia ile damu ya Louisville, jinsi wauguzi walivyokuwa wanakimbia. Nje mwanangu mdogo alikuwa anagonga mlango kwa kijiko. Nikaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kupiga simu kliniki.

Sikuomba mkalimani, niliona atachelewesha. Nilitumia Kiingereza changu cha ghalani. Baada ya muziki mrefu wa kusubiri, muuguzi yule yule akaja kwenye simu. Nilimsomea herufi kwa herufi jina lililoandikwa kwenye paketi.

"Usimeze," alisema. "Hivyo navyo vina homoni ile ile niliyokukataza. Umeshameza?"

"Bado."

"Umelala na mume wako tangu jana?"

"Tuko chumba kimoja na watoto," nilisema, na alicheka kidogo, nami nikacheka, na kifua kikalegea.

Aliniambia tutumie kondomu mpaka nipate vidonge vyangu, na tuendelee kwa siku mbili baada ya kuanza. Ikitokea tumeteleza, au kondomu imepasuka, nisikae na wasiwasi nyumbani, nipige simu mara moja kwa sababu kuna dawa ya dharura na haifai kucheleweshwa. Kisha akasema atawapigia famasi mwenyewe.

Nilimrudishia wifi paketi yake, pamoja na kidonge nilichokwisha kukitoa, na kumweleza alichosema muuguzi. Aliirudisha chumbani kwake. Wakati wa chakula aliongea na kila mtu mezani isipokuwa mimi, na iliendelea hivyo karibu wiki nzima.

Ilibaki kumwambia mume wangu. Nyumba ile haikuwa na kona ya siri, kwa hiyo nilimwita twende tukakae kwenye gari, tukaacha watoto na binamu zao. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika usukani, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Kondomu?" alisema. "Sisi ni watu wa ndoa."

"Ndoa haizuii mimba."

Alikuwa anaongoza kwaya tangu tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi, na neno lile alikuwa amelisikia tu kwenye semina za vijana, likisemwa na watu waliokuja na vipeperushi. "Donc, kwa hiyo huyo muuguzi anasema unaweza kupooza?"

"Amesema hatari inaongezeka. Ndiyo maana ameniachisha."

Aliwasha gari. Aliniteremsha mlangoni na kuondoka. Aliporudi alikuwa na maziwa, nepi, mkate, na chini kabisa ya mfuko, boksi dogo. Alikuwa ameendesha mpaka upande wa pili wa jiji, kwa sababu dukani karibu na kwetu lazima angekutana na mtu wa kanisa. Aliniambia hilo huku akitazama ukuta, nami sikucheka, ingawa nilitaka.

Vidonge vilipatikana kabla ya wiki kuisha. Mianga ilipungua, halafu ikaacha kuja. Ningependa kusema nilitulia, lakini wasiwasi ulihamia tu mahali pengine: kwenye saa. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda cha vyakula, na zamu zilibadilika. Wiki moja asubuhi, wiki nyingine jioni. Nilichagua saa sita mchana kwa sababu ndiyo saa pekee niliyokuwa macho katika zamu zote. Simu tuliziacha kwenye makabati. Nilikata kipande cha paketi chenye kidonge kimoja na kukificha kwenye soksi, na saa ya ukutani ilipofika sita nilivua glavu, nikakimeza bila maji, nikavaa glavu nyingine. Nilikuwa naitazama saa ile kuliko nilivyotazama kazi yangu. Hata siku za mapumziko, kanisani, mahubiri yakirefuka, mguu wangu ulianza kucheza wenyewe.

Siku moja mashine ilikwama na msimamizi akatutaka wote pale pale. Nilikitoa kidonge kwa haraka, kikaniponyoka, kikadondoka kwenye maji ya sakafu na kwenda na mfereji. Vingine vilikuwa nyumbani. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limeshashuka, zile saa tatu zimepita kitambo. Nilimeza palepale mlangoni, nikiwa bado na koti.

"Siku mbili," nilimwambia mume wangu.

"Tena?"

"Tena."

Tulifuata tulichoambiwa. Lakini mwezi ule hedhi haikuja. Muuguzi alikuwa amenieleza kwamba vidonge hivi vinaweza kuvuruga hedhi, kwa mwingine inakuja ovyo na kwa mwingine inakatika kabisa, na hiyo peke yake si dalili ya mimba. Nilikumbuka maneno yake vizuri. Hayakunisaidia. Nililala vibaya, nikawafokea watoto, nikanusa chakula kabla ya kula nikijipima kama nina kichefuchefu. Nilinunua kipimo na kukaa nacho kwenye mkoba bila kukitumia, kwa sababu nyumbani kwa wifi choo kilikuwa na foleni, na kila mtu alijua nani ameingia na amekaa kwa muda gani.

Mwishowe nilikitumia kiwandani, wakati wa mapumziko. Niliketi kwenye kifuniko cha choo, kipimo nimekiweka juu ya karatasi gotini, nikisikiliza wanawake wakinawa mikono na kuongea Kihispania. Mstari ulikuwa mmoja. Nilingoja zaidi ya walivyoandika. Ukabaki mmoja.

Nilishukuru. Nilisema asante Mungu kwa sauti. Halafu nikalia, na sikujua nalia nini. Nilikuwa nimeogopa kwa wiki kadhaa, na nilipoambiwa hakuna kitu, palikuwa na sehemu yangu ndogo iliyokuwa imeshampa yule mtoto uso. Nilinawa, nikarudi kwenye mstari wa kazi.

Siku ile mume wangu alikuja kunichukua. Nilimwambia tukiwa barabarani.

"Nilipima leo. Hakuna."

Alitazama mbele. "Hukuniambia kama unaogopa."

"Nilidhani utafurahi kama ingekuwa iko."

"Ningefurahi," alisema. "Na ningeogopa. Mi nilikuwa pale Louisville. Nilishika mtoto na nilikuwa nawaza nitamwambia mama yako nini." Alipangusa uso kwa mkono mmoja. "Usipime tena peke yako."

Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hakuwahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nikidhani hofu ile ni yangu peke yangu.

Hatukukaa Columbus muda mrefu baada ya hapo. Mama mkwe wangu, aliyepewa makazi kwenye jiji la Buffalo pamoja na kitindamimba wake, alianza kuugua miguu, na yule kitindamimba akaoa na kuhamia jimbo lingine. Mume wangu ndiye mwana wa kiume aliyebaki wa kumwangalia. Wifi, ambaye alikuwa amenisamehe kitambo bila kusema kama amenisamehe, alitufungia sufuria mbili na godoro. Tukahama tena, watoto wakilalamika kwa Kiingereza kwenye kiti cha nyuma.

Kwenye mtaa wa West Side, Buffalo, tulipata ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani ya mbao. Madirisha yaliimba upepo ulipovuma. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na hapo ndipo saa sita mchana iliponishinda kabisa. Mzee mmoja nilikuwa namwogesha saa ile, mwingine nilikuwa naye kwenye basi kwenda hospitali. Nilikuwa nachelewa, natumia kondomu, nahesabu, nachelewa tena. Nilichoka kuwa mlinzi wa mwili wangu mwenyewe.

Nilikwenda kliniki, na safari hii nilikwenda na mume wangu. Mkunga wa pale alinisikiliza mpaka mwisho. Alinieleza njia nyingine pia, kipandikizi cha mkononi na kitanzi, lakini niliogopa kuwekewa kitu mwilini, nikamwambia hivyo, wala hakunisukuma. Akasema kuna vidonge vingine vya homoni moja, visivyo na ile aliyonikataza mwenzake, ambavyo havigombani sana na saa. Ukichelewa masaa kadhaa bado una kinga. Alinipima damu kwanza.

"Sasa nibadilishe vipi?" nilimuuliza. "Mara ya kwanza kulikuwa na pengo."

"Usiache pengo. Endelea na vya zamani mpaka hivi vipya viwe mkononi mwako. Leo unameza cha zamani, kesho saa ile ile unaanza kipya. Na kwa kuwa umekuwa ukichelewa, tumieni kondomu wiki moja."

"Wiki moja," mume wangu alirudia, kama mtu anayepokea maagizo ya kazi. Famasi tulikwenda wote wawili, na hatukutoka mpaka paketi ilipokuwa mfukoni mwa koti lake.

Mama mkwe alikuwa haelewi kwa nini mwanetu mdogo anakaribia kwenda shule na hajafuatwa na mwingine. Aliuliza kwanza kwa kuzunguka, halafu siku moja akauliza mezani, wazi, huku nikimpakulia ugali.

"Mama watoto, tumbo lako limefunga?"

Nilikuwa natafuta jibu la heshima. Mume wangu alinitangulia.

"Mama, tumepanga."

"Mumepanga na nani?"

"Na munganga wa hospitali. Huyu alitaka kufa kwa yule wa pili. Mi niliona."

Mama mkwe alinigeukia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sisi tulikuwa Louisville, yeye alikuwa bado kambini, na habari mbaya za uzazi hatukuzipitisha kwenye simu. "Kumbe," alisema. Akaendelea kula. Baadaye aliniita nimkande miguu, na nilipokuwa namkanda aliniambia kwamba yeye amezaa tisa na amezika wanne, na kwamba alipokuwa kijana alikuwa anaogopa kila mwezi. Niliendelea kumkanda, na yeye hakulitaja jambo lile tena. Wageni wakiuliza juu ya mtoto wa tatu, anawaambia wanywe chai.

Vidonge hivi ninavimeza mpaka leo. Kichwa hakijarudi na mianga yake. Lakini sitasema nimetulia kabisa. Mimi si mtu wa kutulia, na mwili wa mwanamke hauachi kuuliza. Majuzi, theluji ilipoyeyuka, tulikuwa tunatembea na mume wangu kandokando ya mto, na akaniuliza kama naona siku itafika nitakapotaka mwingine. Nilimwambia sijui. Nilimwambia nataka kumaliza kwanza kozi ya uuguzi niliyoianza huku Buffalo, kisha tumuulize daktari kuhusu ile damu, kisha tuongee.

"Na ukisema hapana?"

"Nikisema hapana, utafanya nini?"

"Nitakuwa na watoto wawili," alisema.

Tulitembea mpaka upepo wa mto ukatushinda, tukageuza kurudi nyumbani. Nilikuwa na mzee wa kumwogesha jioni ile.